Nilimjibia Dada

Jumanne, 4 Machi

Nimepalilia viazi mpaka jua lilipokuwa kichwani. Palizi ya pili. Mgongo unauma. Mvua bado haijajiamulia.

Dada yuko jikoni na mke wangu, Mama Neema. Alifika Jumapili na begi moja na mfuko wa unga wa mchele. Maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita siku nyingine, yaliingia nyumbani kwake Pangani, yakapita sebuleni, yakalowesha godoro. Siyo mara ya kwanza. Nyumba iko pale mto unapoingia baharini, ukingoni kabisa, na kila mwaka bahari inasogea. Nimemwambia ahame tangu mumewe yuko hai. Hasikii.

Safari hii kaja. Anakohoa. Kajifunika blanketi mbili na kuilalamikia baridi ya Vuga utadhani hakuzaliwa humu humu. Amesema atakaa mpaka Idd. Wageni wote husema hivyo.

Nimefurahi kuliko ninavyoonyesha.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kanisa lilijaa. Kwaya iliimba vibaya, besi wawili wana mafua.

Kwaresma na Ramadhani zimekutana ndani ya nyumba moja. Dada alizaliwa Marieta, akaolewa na mtu wa pwani, akawa Mariamu. Baba alinuna sana. Kilichomlainisha ni shemeji mwenyewe, kwa adabu yake na ng'onda aliokuwa anapanda nao kila akija. Mpaka anakufa, Baba alikuwa anamwita "mkwe wangu wa samaki".

Mama Neema anaamka alfajiri kumpashia wifi yake daku. Sijamwagiza. Namsikia anatembea kwa vidole ili asiniamshe, na mimi niko macho.

Mimi nimeacha sukari. Dada kacheka mpaka akakohoa. "Sukari tu, Elia? Hiyo nayo ni funga?"

Jumamosi, 8 Machi

Kwetu mwanamke akifiwa na mume, kaka zake wanamwandalia pa kukaa. Haijadiliwi. Anarudi kwenye ardhi ya baba yake, na kaka ndiye anayesema kwa niaba yake. Shemeji alifariki mwaka juzi. Kaka yetu mkubwa hayupo tena. Nimebaki mimi.

Leo nimefyeka kile kipande cha chini ya nyumba, karibu na kijito. Udongo mweusi, mzuri. Nimeng'oa machipukizi matatu kwenye shina la mgomba alilopanda Mama, nikayahamishia pale. Pembeni patatosha chumba na jiko. Kishamba cha Dada. Nimeshaanza kukiita hivyo kichwani.

Sijamwambia. Apone kwanza kifua.

Mama Neema alikuja na chai, akatazama machipukizi. "Umemuuliza mwenyewe?" Nikamwambia mambo haya hayaulizwi. Akaguna, akaondoka na kikombe kabla sijamaliza.

Jumatatu, 10 Machi

Simu ya Dada ililia mezani. Yeye alikuwa kajilaza. Nikapokea.

Alikuwa mwenyekiti wa mtaa wao, Bwana Sefu. Mtu wa maneno matamu. Viwanja vya mlimani vinaandaliwa, kasema, wanataka kujua kama Bi Mariamu atarudi kuchukua chake. Mlimani! Nilitaka kucheka. Kile kichuguu chao cha nyuma ya mji wanakiita mlima.

Nikamjibu kama kaka. Huyu mama amefiwa, sasa yuko kwao, atabaki huku. Kiwanja wampe mwenye shida. Akauliza, "Ndivyo alivyosema mwenyewe?" Nikamwambia mimi ndiye kaka yake. Akasema haya, shemeji, tumesikia.

Nilikata simu nikiwa na amani. Jambo limekwisha, hana tena sababu ya kurudi kulala na maji. Nikaenda kumwagilia machipukizi.

Sijamwambia Dada kuhusu simu. Siku ikikaa vizuri nitamwambia.

Ijumaa, 14 Machi

Mkono unasita kuandika.

Dada ana nguvu sasa. Jioni alikaanga vitumbua vya futari. Harufu ikavuka ua, majirani wakaja, Walutheri watupu, wamesahau kama ni Kwaresma. Wanamsalimia kwa Kishambaa anajibu kwa Kishambaa, lakini chake kimeingia chumvi. Wanamtania. Na yeye anawarudishia.

Wakati wanangoja, mmoja akamuuliza huko kwenu bahari inakula watu kweli? Dada akachukua kijiti, akachora uani. Huu mto, maji yake mengine yanatoka huku huku kwenu. Hapa unaingia baharini. Zamani mto ulikuwa na nguvu, unaisukuma bahari. Siku hizi kiangazi mto unafika umechoka, na bahari yenyewe imeinuka, basi chumvi inapanda mtoni. Visima vimekuwa vya munyu. Minazi inakatika vichwa. Akachota maji kwa kata, akayamwaga kwenye mchoro wake, tukaona yanavyopanda.

Kisha akaeleza mpango wao. Wamekaa vikao mwaka mzima na wapimaji. Walipita na rangi nyekundu kila nyumba, wakapiga alama ukutani pale maji yatakapofika siku za mbele. Nyumba zote zilizo chini zihame, zipande kwenye kiwanja cha juu. Ukingo ulioachwa urudishiwe mikoko, ivunje mawimbi, mji uliobaki upone. Yeye ndiye mkuu wa kikundi cha akina mama wa mikoko. Miaka yote hii nadhani anakaanga vitumbua kivukoni tu! Hajaficha. Mimi sijauliza.

"Kazi ni kuanza," akasema. "Wakihama nusu, mikoko haina pa kukaa, ni kazi bure. Na kila mtu anamtazama mwenzake. Basi nikasimama mkutanoni nikasema nyumba ya kwanza kubomolewa ni yangu. Baada ya Idd. Wakiiona imelala chini, watafuata."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitumbua mkononi. Nikakirudisha kwenye sahani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshindwa kumwambia.

Asubuhi nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Anaimba kaswida taratibu huku anakunja blanketi. Nikarudi. Nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Nimekata ya kutosha ng'ombe wa kijiji kizima.

Mimi ni mwoga. Niliandike hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Amejua.

Bi Zuhura, msaidizi wake kwenye kikundi, alimpigia. Sauti ilisikika mpaka nje. Kwamba Bi Mariamu kawapa watu moyo kisha kakimbilia milimani kwa kaka yake. Kwamba kiwanja chake kimepewa mtu mwingine. Kwamba waliokubali kuhama sasa wanasema hawabomoi hata ukuta, mkubwa wao mwenyewe kashakwepa.

Dada aliweka simu chini polepole. Akanitazama. Nadhani uso wangu ulishasema.

Nikamwambia yote. Simu, mwenyekiti, kiwanja, migomba. Nilisema nilifanya kwa kumpenda, na ni kweli, nilifanya kwa kumpenda.

Hakupiga kelele. Ningepona kama angepiga kelele. Alisema, "Mimi nilikubeba mgongoni mpaka ulipoanza shule, Elia, na hata siku moja sikukujibia ulipoulizwa jina lako. Nilikuacha ujibu."

Akaingia chumbani.

Alhamisi, 20 Machi

Kafuturu peke yake chumbani. Uji na tende, basi.

Mama Neema kanipasulia. Kimbelembele chako, Baba Neema. Toka ujana. Kasema wanawake tunabebwa kama mizigo, huku, kule, na kila anayetubeba anataka ashukuriwe. Sijawahi kumsikia anasema hivyo. Nikamuuliza kama na yeye nimembeba hivyo. Akasema tumalize kwanza la wifi.

Mdomo umeniponza. Namkumbuka Dada anaolewa, mimi mtoto, nilikimbia nyuma ya gari mpaka kona ya kanisa nikilia. Tangu siku ile nadhani namngoja arudi. Alikuwa na miaka yake yote kule, mume, kikundi, majirani. Mimi nilikuwa nahesabu ni safari ndefu tu.

Nampenda yule mwanamke. Nimemharibia.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya ibada nilipanda kule juu mtandao unaposhika vizuri, nikampigia Bwana Sefu. Nilijitambulisha. Nikamwambia neno lile halikuwa la dada yangu, lilikuwa langu, naye hakulijua.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, si kwa ubaya. "Shemeji, nyie watu wa milimani." Lakini kasema yeye hana uwezo tena. Kiwanja kimeshagawiwa. Kipo kikao cha mwisho Alhamisi baada ya Idd, hapo ndipo watagawa vilivyobaki. Dada awepo kwa miguu yake, watu wamwone. "Na wewe uje. Maneno yaliyosemwa kwa simu hayafutiki kwa simu."

Kama asipokuwepo Alhamisi hiyo hana kiwanja, na mpango mzima huenda ukalala, maana wengine wanamtazama yeye.

Nilirudi nikamweleza Dada nikiwa nje ya mlango wake. Sikuingia. Nikamuuliza kama anataka nifuatane naye. Nilimuuliza, nasema. Akasema, "Tutafuatana."

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imejiamulia sasa. Siku nzima, usiku kucha, tena siku nzima. Viazi vitaoza. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni.

Dada ameanza kula nasi tena. Haongei sana na mimi. Leo kanisogezea sahani ya viazi bila kuombwa. Nimeshukuru kupita kiasi, Mama Neema kanikanyaga mguu chini ya meza.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mama Neema kapika pilau, mara ya kwanza maisha yake kuweka viungo vingi namna ile, kila dakika anamuita wifi aje anuse. Tukala sote. Dada kavaa kanga mpya. Ukimtazama kwa mbali ni Mama mtupu.

Mchana simu kutoka Pangani. Bamvua limekuja na upepo. Maji yamepita alama nyekundu kwenye nyumba mbili. Ukuta wa jiko la Dada umeanguka. Nikatazama uso wake, akasema tu, "Kazi imepungua." Kisha akaenda kuosha vyombo, sahani ile ile mara tatu.

Nikasimama pembeni yake nikawa nafuta sahani. Sikusema kitu. Najifunza.

Jumanne, 1 Aprili

Udongo umeporomoka chini ya Soni. Barabara ya kwenda Mombo imekatika. Magari hayapandi wala hayashuki. Watu wanasema huenda wakaifungua Ijumaa au Jumamosi.

Kikao ni Alhamisi.

Nimezunguka kutafuta mtu wa kuniambia tofauti. Hakuna. Dada kasema kesho tunaondoka, tutavuka kwa miguu. Ana magoti mabovu. Nikataka kusema haiwezekani. Nikameza.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika Mombo, kwa jamaa aliyetupokea. Miguu yangu inanuka tope.

Bodaboda zilitushusha mvua ikinyunya. Mlima umejimwaga barabarani, tope jekundu, mawe, mti mzima na mizizi yake juu. Ng'ambo kuna magari yanayorudi Mombo. Watu wanavuka mmoja mmoja. Mama mmoja alizama mpaka goti, wakamvuta, kiatu kikabaki.

Nikachuchumaa mbele ya Dada. Nikamwambia panda mgongoni. Nilikuwa nimelipanga usiku, nikaona litakuwa jambo zuri, kulipa deni la utotoni. Akaangalia mgongo wangu. Akacheka, kicheko chake cha zamani, nilikuwa sijakisikia tangu siku ile ya simu. "Inuka. Tutafia humu wote wawili."

Akavua viatu. Akajifunga kanga juu ya magoti. "Nifuate ninapokanyaga. Weka unyayo wote, usitangulize kisigino. Usisimame hata kidogo. Ukihisi unazama, lala mbele kwa mikono."

Mimi ni mtu wa milima, udongo ndio maisha yangu. Lakini ule haukuwa udongo tena. Ulikuwa tope, na tope ni kazi yake, amepanda mikoko ndani yake miaka na miaka. Alikwenda kama bata, magoti mabovu na yote. Mimi katikati nikasimama kutafakari, nikazama. Akarudi. Akanipa mkono, na hakuuachia mpaka lami.

Ng'ambo, watu wakapiga makofi. Dada akawaambia, "Huyu mdogo wangu. Hakusikia somo."

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivi.

Alhamisi, 3 Aprili

Pangani. Kikao kilikuwa kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai. Watu wengi. Wakaanza kunong'ona walipomwona Dada. Bi Zuhura aligeuza uso.

Mwenyekiti akanipa nafasi. Nilifundisha darasa miaka mingi, lakini pale nilishika nguzo ya turubai. Nikasema mimi ni mdogo wake. Kwamba dada yangu alikuja kwetu kuuguza kifua na akasema atarudi baada ya Idd. Kwamba nilipokea simu yake nikamjibia, kwa mila zetu na kwa kimbelembele changu. Kwamba sikumuuliza. Kwamba wao wamemwamini miaka yote hii na mimi ndugu yake wa damu ndiye sikujua hata anafanya nini. Nikaomba radhi. Nikakaa.

Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Nyumbani kwangu pia kuna mtu wa namna hii." Watu wakacheka. Bi Zuhura akageuza uso, safari hii upande wetu.

Kiwanja chake cha kwanza hakirudi, kapewa mjane mwenye watoto na Dada mwenyewe akasema asiguswe. Kimebaki kimoja tu, cha pembeni, wote walikikataa kwa sababu kina mteremko. Wakamuuliza kama atakichukua.

Dada akanigeukia. Akaniuliza mimi, mbele yao wote, kama mtu anaweza kujenga pale. Nikasema inawezekana. Kwetu hakuna kiwanja cha namna nyingine, vyote ni mteremko. Nikasema, lakini kuamua ni kwake.

Akasema, "Nakichukua."

Ijumaa, 4 Aprili

Tumebomoa.

Alianza mwenyewe. Aligusa kwanza ile alama nyekundu kwa kiganja, kisha akapiga nyundo. Mimi nilitoa mlango na madirisha, vitatumika. Ndani ya chumba chake ukuta ulikuwa mweupe wa chumvi mpaka usawa wa kitanda. Alilala humo. Mimi milimani nikijifunika blanketi.

Alilia mara moja tu, tulipofika kwenye ndoano ya ukutani shemeji alipokuwa anatundika kofia. Akaing'oa, akaitia mfukoni. Nikalia na mimi, waziwazi, hakuna aliyejali.

Mchana nyundo zikaanza kusikika kwenye nyumba ya pili. Kisha ya Bi Zuhura. Dada alikaa juu ya tofali, akasikiliza, akaniomba maji.

Alasiri tukapanda kwenye mteremko wake. Nimempimia makinga maji kwa kamba na vigingi, mvua isije ikamchukulia udongo. Alitaka mstari wa juu usogee kidogo, aache nafasi ya jiko. Nikausogeza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwaya imeimba vizuri leo, mafua yamepona. Nimetia sukari kwenye chai, vijiko vitatu, Mama Neema kanitazama tu.

Viazi nusu vimeoza, nusu vimepona. Barabara inapitika.

Dada amepiga. Anakaa na Bi Zuhura kwenye mabanda ya muda ya waliohama mpaka nyumba isimame, msingi umeshamwagwa. Nyumba saba za ukingoni ziko chini. Jana walipanda mikoko pale ilipokuwa sebule yake, kasema tope lake ni zuri. Kifua hakimsumbui. Kauliza habari ya pilau, Mama Neema akanyang'anya simu wakaongea mpaka nikachoka kungoja.

Niliporudishiwa simu nikamuuliza. Yale machipukizi ya mgomba wa Mama yameshika, yana majani mapya. Je, nimletee moja apande kwenye mteremko, au hataki, au yabaki huku yakimngoja akija kututembelea?

Akasema hajui bado. Atafikiri, atanipigia.

Nimetoka mpaka kishambani. Nimeyatazama. Jembe nimeliacha ukutani.